Maswali ya Wasomaji: Fremu Ndefu, Usukani Unaotetemeka na Mianzi

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea, Shinyanga. Nimerefusha nyuma ya baiskeli nyeusi ya inchi 28 kwa bomba la maji la robo tatu ili ibebe magunia. Ikipakiwa kilo 80 inacheza mkia, na imepasuka pembeni ya nilipochomelea, chini ya siti. Niongeze chuma?

Jibu: Usiongeze, fundi. Chuma ulichoweka tayari ni kingi. Bomba la maji la robo tatu lenye ukuta wa milimita 2.6 lina takribani kilo 1.56 kwa mita, wakati bomba la kutengenezea viti la milimita 25 lenye ukuta wa 1.5 lina kama gramu 870, na linatosha kabisa.

Tuanze na ufa. Fremu hizi za kizamani zimeungwa kwa soketi (vikombe vya chuma vinavyoshika ncha za mabomba) na shaba ya njano. Ukipiga umeme hapo shaba inayeyuka, inapenya ndani ya chuma kilichokwisha kuwa chekundu na kukipasua. Kiungo kitaonekana kizuri siku ya kwanza, kisha kitaachia barabarani. Toa sehemu iliyoathirika, na kiungo kipya kiwe angalau milimita 50 kutoka kwenye soketi. Kama huna budi kugusa soketi, tumia gesi na shaba, si umeme. Kwa bomba jembamba tumia vijiti vya milimita 2, moto mdogo, vidonda vinne vya kushikiza vinavyotazamana kwanza, kisha acha ipoe kabla ya kumalizia. Na kama bomba ni la mabati, piga grainda zinki yote itoke. Moshi wake huleta homa.

Tena si lazima uchomelee fremu yenyewe. Mmarekani Ross Evans, miaka ya 1990, alibuni kiendelezo kinachofungwa kwa boliti sehemu tatu tu: masikio mawili ya ekseli ya nyuma na nafasi iliyo nyuma ya kranki. Fremu ya zamani inabaki nzima, na ukikosea unafungua.

Mkia unacheza kwa sababu mabomba yako mawili yanakwenda sambamba bila mshazari. Umbo la pande nne hupinda kwenye kona, la pande tatu halipindi. Weka mshazari mmoja kila upande, kutoka nyuma ya kranki kwenda juu ya ekseli mpya, na mwingine ambao mafundi wengi huusahau: wa kulala, kutoka bomba la kushoto kwenda la kulia, unaoonekana ukitazama kutoka juu. Huo ndio unaozuia kujinyonga. Magunia nayo yakae chini, pembeni ya gurudumu.

Ukirefusha kwa milimita 380, cheni inaongezeka mara mbili ya hapo, yaani 760. Gawanya kwa 12.7 upate pingili 60. Cheni moja haitoshi, utaunga mbili za upana uleule.

Breki za fimbo hazitafika nyuma. Usikimbilie kufunga breki za kubana pembeni, kwa sababu ringi zako zina mashavu ya mviringo na mpira hauna pa kushika. Ama badilisha ringi, ama tumia habu (kitovu cha gurudumu) yenye breki ya kupiga pedeli nyuma, na mkono wake ufungwe imara kwenye bomba la chini la kushoto, la sivyo utajizungusha na kung'oa ekseli. Kwenye mteremko mrefu habu hiyo hupata moto hadi grisi ikaungua, kwa hiyo breki ya mbele ibaki.

Gurudumu la nyuma la inchi 26 lenye spoki 36 nene litahimili mzigo kuliko la 28. Ukilichagua, shusha masikio mapya kwa kama milimita 25 ili fremu isilale nyuma.

Swali: Nimeunda baiskeli yenye sanduku mbele na gurudumu la inchi 20. Foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) nimeitoa kwenye baiskeli ya inchi 28, nikaikata chini ya soketi yake lakini mkunjo nikauacha. Ikishika kasi usukani unatetemeka. Gololi ni mpya. – Msomaji, Kisumu

Jibu: Gololi hazina kosa, kosa ni mkunjo. Mstari wa shingo ukiuendeleza hadi ardhini unapaswa kugusa mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Pengo hilo ndilo linalorudisha usukani katikati. Kwa shingo yenye mwinamo wa nyuzi 70, zidisha nusu kipenyo cha gurudumu kwa 0.342, toa mkunjo wa foku, kisha gawanya kwa 0.94. Gurudumu lako lina nusu kipenyo cha milimita 250 hivi, na foku ya zamani huwa na mkunjo wa 75 au karibu yake. Jibu ni milimita 11, kidogo mno. Foku yenye mkunjo wa 35 itakupa takribani 54. Sanduku nalo lifungwe kwenye fremu, si kwenye usukani.

Swali: Je, mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe, inafaa kwa fremu? – Mwanafunzi wa ufundi, Iringa

Jibu: Inafaa, tena ukuta wake mnene ni faida, ila fremu itakuwa nzito. Chagua mashina yaliyozidi miaka mitatu ambayo hayakugemwa. Toboa vifundo kwa ndani kwa nondo, loweka kwenye boraksi na asidi ya boriki dhidi ya wadudu, kausha kivulini. Pima uzito kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mwanzi umekauka. Mabomba makubwa yawe milimita 35 hadi 45, na kifundo kiwe karibu na kila kiungo.

Shingo, bomba la kranki, mkono wa siti na masikio ni vya chuma. Viungo funga kwa singa za mkonge zilizokauka vizuri na gundi ya epoksi, zikipishana kwa mshazari. Juu yake zungushia tepu ya umeme, upande wa gundi ukitazama nje, uitoboe kwa sindano ili epoksi ya ziada itoke. Fremu nyingi huachia kwenye kranki kwa sababu ngozi ya mwanzi inang'aa na gundi haishiki: ikwangue kwa msasa namba 60. Vikombe vya kranki viache ndani wakati wa kazi, epoksi isiingie kwenye nyuzi za skrubu.

Swali: Nataka gia mbili bila zile zinazoning'inia na kuvunjika. – Msomaji, Mbeya

Jibu: Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief, ina toleo lenye cheni mbili na friwili mbili (gia za nyuma zinazozunguka huru usipopiga pedeli), unapiga pedeli nyuma kidogo gia inabadilika. Mfumo huo si wa kuigiza kwenye karakana. Ya kwako iwe habu yenye nyuzi pande zote mbili: friwili ya meno 18 huku, ya 22 kule, unageuza gurudumu kabla ya kupanda mlima. Masikio yawe na mfereji mrefu, kwani tofauti ya meno manne husogeza ekseli milimita 12.7.