Ripoti haiishi kwa kelele za ofisini

Pole sana ndugu. Unasema mnakaa ukumbi mmoja usio na kuta, wenzako wanapiga simu pembeni yako, na ripoti haiishi. Kinachovuruga zaidi ni maneno unayoyaelewa, hasa ya simu, maana unasikia upande mmoja tu na akili inahangaika kujaza uliobaki. Kwa hiyo nyimbo zenye maneno hazitakusaidia. Sikiliza ala tupu au sauti ya mvua. Kazi ya kuandika ifanye asubuhi kabla watu hawajajaa, barua pepe ziache hadi mchana. Mwombe msimamizi kiti kinachotazama ukuta, mbali na printa. Na anayekugusa bega kila mara, mwambie kwa upole: "Nipe mpaka saa tano, nitakuja mwenyewe." Kisha nenda kweli, la sivyo atarudi.