Usikikimbilie kiota cha bata mzinga mwitu

Bata mzinga mwitu kwa kawaida hulala juu ya mti. Jike huacha mti pale anapoanza kuatamia, akalala chini juu ya mayai yake usiku kucha. Wewe unayeanza kufuatilia viota katika misitu ya mashariki mwa Marekani, shika hilo kabla ya yote. Litakuepusha na kosa la wageni wengi wa kazi hii, yaani kwenda kuchungulia.

Wakati wa kutaga hakuna haja ya kwenda. Jike hutaga yai moja kwa siku, mara nyingine akiruka siku, mpaka yatimie 10 hadi 12, na hiyo huchukua takriban wiki mbili. Hufika kiotani, hutaga, mara nyingi huyafunika mayai kwa majani makavu, kisha huenda kula, na jioni hupanda mtini. Kiota chenyewe ni kishimo kifupi tu ardhini, kwenye tako la mti, chini ya rundo la matawi au ndani ya kichaka. Kutomkuta hapo mchana si dalili kwamba amekitelekeza. Dume naye usimtafute karibu, kwani hana kazi yoyote kiotani. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo kupandwa mara moja kunaweza kutosha mayai yote.

Soma data za usiku. Kifaa cha GPS alichofungwa mgongoni kipangwe kirekodi angalau nukta moja, yaani mahali alipo, katikati ya usiku. Nukta za usiku tatu mfululizo zikiwa mahali pamoja, na ni pale pale alipokuwa akipita mchana wiki iliyotangulia, basi ameatamia. Usiku wa kwanza kati ya hiyo uandike kuwa siku ya 1, kisha hesabu siku 28. Aliyeanza 28 Aprili, tarajia mayai kuanguliwa karibu na 26 Mei. Mchana atatoka kwa muda mfupi kula na kunywa, kwa hiyo nukta moja ya mchana iliyo mbali isikutie wasiwasi.

Ukilazimika kuhakikisha mahali kwa antena ya redio inayonasa mawimbi ya kifaa chake, zunguka kwa mbali, pima mwelekeo kutoka pande tatu, andika, ondoka. Jike akifurushwa katika siku za mwanzo za kuatamia anaweza asirudi tena. Kadiri siku zinavyosonga ndivyo anavyong'ang'ania mayai, kama anavyojua yeyote aliyefuga kuku wa kienyeji. Kiota kilichoachwa kwa sababu yako hakikufundishi lolote kuhusu msitu ule.

Akishaondoka na usiku wa pili hajarudi, sasa nenda, na usikawie. Ganda la yai lililoanguliwa hukatika mviringo upande wake mnene, kama limefunguliwa kifuniko, na utando wa ndani huwa umejitenga na ganda. Yai lililoliwa hupondwa ovyo. Nyoka humeza yai zima, hivyo kiota kitupu kisicho na maganda usikiandike kuwa kimefaulu. Linganisha na hesabu yako pia: jike aliyeondoka siku ya 15 hakuangua. Wala usimtaje mwizi kwa kutazama maganda peke yake. Rakuni, skanki na oposumu, wanyama wadogo wa huko wanaokula mayai, huacha alama zinazofanana. Bila kamera, andika tu kwamba mayai yameliwa.

Viota vinavyofaulu mara nyingi havifiki nusu. Kwa hiyo usimfute kwenye orodha jike aliyepoteza mayai. Anaweza kutaga tena mahali pengine, hasa kama hasara ilimpata mapema, na kiota hicho cha pili kipe namba yake.

Vifaranga huondoka kiotani ndani ya siku moja hivi. Kwa takriban wiki mbili hulala chini ya mabawa ya mama, ardhini, kwa kuwa bado hawawezi kupanda mtini, na hapo ndipo wengi wao hufa. Mvua ya baridi huwaua, na wanyama huwala. Wanahitaji wadudu kwa wingi, na majani yanayowaficha kwa juu lakini chini yana nafasi ya kupita. Nyasi zilizosongamana kama zulia ni ukuta kwa kifaranga. Mwenye shamba akikuuliza lini akate nyasi, mwombe asubiri mpaka Mei na Juni zipite.

Katika hesabu ya Julai na Agosti, ya majike na vifaranga wanaoonekana njiani, andika kila jike unayemwona, hata asiye na kifaranga. Ukiona majike 10, wanne kati yao wakiwa na vifaranga 20, uwiano ni vifaranga 2 kwa jike. Anayewaacha wale sita ataripoti 5, na idara ya wanyamapori itadhani mwaka ulikuwa wa neema. Kundi lililozama nyasini usiweze kulihesabu lote, usilikadirie. Andika "halikukamilika" na uendelee na njia.