Ukimaliza chuo fungu lako la klabu ya uwekezaji haliendi na maji

Umeuliza kama hela uliyochangia kwenye klabu ya uwekezaji inapotea ukimaliza chuo. Haipotei mkuu, unatoka na chako. Sisi hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) bumu, yaani hela ya mkopo wa kujikimu, likiingia kila mtu anatoa elfu 10, mhazini anaandika kwenye daftari mbele ya wote, zikifika kiasi tunanunua vipande (yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko) vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa jina la kikundi, na fungu lako linahesabiwa kwa ulichochangia siyo kwa vichwa, aliyeweka laki hawezi kulingana na wa elfu 50. Ukihitimu unaandika barua, vipande vya fungu lako vinauzwa kwa bei ya siku hiyo, hela inapita akaunti ya kikundi ndo unalipwa. Ila katiba iandikwe kabla ya mchango wa kwanza na watia saini wawe watatu, msikubali kabisa mtu mmoja ashike kila kitu.