Mwalimu Kumsikiliza Aliyekuwa Mwanafunzi Wake

SWALI: Assalamu alaykum, Shekhe. Nasomesha madrasa na kuswalisha msikiti wa mtaani kwetu, Tanga. Kijana niliyemfundisha tangu alifu amerudi kutoka masomoni. Juzi baada ya alfajiri alisimama mbele ya maamuma akasema kunuti ninayoleta, yaani ile dua ya kisimamo katika rakaa ya mwisho ya alfajiri, haina dalili. Nikamnyamazisha. Wenzangu wananiunga mkono: wanasema aliyefuzu akimsikiliza wa chini yake anajivunjia heshima, na Qur'ani imesema tuwaulize wenye kujua. Ila moyo haujatulia. Nimekosa?

JIBU: Waalaykumu salaam. Pole, mwalimu wangu. Kukosolewa hadharani na mtoto uliyemsomesha kunauma, na kijana huyo adabu imempita.

Kunuti naiweka kando. Kauli ya Imamu Shafii kwamba ni sunna unaijua, na kwamba madhehebu za Hanafi na Hanbali haziifanyi kuwa sunna ya kila alfajiri unajua pia. Kilichonishtua ni maneno ya wenzako.

Aya ya An-Nahl (16:43) inamwamrisha asiyejua amuulize ajuaye. Wapi imesema aliyejua mlango mmoja amejua yote? Katika jambo usilolijua, muulizaji ni wewe, hata kilemba chako kiwe kikubwa namna gani. Kuigeuza aya hiyo iwe kufuli la mdomo wa mwanafunzi ni kuidhulumu.

Sahaba Abu Musa alipiga hodi mara tatu kwa Khalifa Sayyidna Umar, hakuitikiwa, akaondoka. Alipoulizwa akasema ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyoamrisha. Umar akadai shahidi, na Ansari, masahaba wenyeji wa Madina, wakamtuma mdogo wao kuliko wote, Abu Said al-Khudri. Umar akakiri kuwa jambo hilo lilimpita, biashara za sokoni zilimshughulisha. Wamepokea Bukhari na Muslim. Sasa hao wenzako watatuambia Umar alivunjiwa heshima na nani?

Imamu Malik naye aliulizwa kuhusu kupitisha kidole baina ya vidole vya miguu katika udhu, akajibu kwamba watu hawalazimiki. Mwanafunzi wake Ibn Wahb alinyamaza mpaka watu wakapungua, ndipo akamwambia kuna hadithi. Malik akauliza: ipi? Akasomewa pamoja na isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Akasema ni hadithi nzuri, hajapata kuisikia ila saa ile. Baadaye akiulizwa, akawa anaamrisha kufanya hivyo.

Lakini kusikiliza si kukubali. Umar alitaka shahidi, Malik alisikia isnadi kwanza. Nawe huna wajibu wa kuacha kunuti kwa kuwa kijana amepaza sauti. Kosa lako ni kumfunga mdomo kabla hujajua ana nini.

Mwite nyumbani baada ya isha, usimwite msikitini. Mpe kahawa, mwambie alete hadithi zake. Wewe fungua Al-Majmu' ya Imamu Nawawi kwenye mlango wa kunuti, maana humo dalili za wanaopinga zimetajwa na kujibiwa. Someni pamoja. Suala la adabu mwambie mwisho, mkiwa wawili, na hadithi ya Ibn Wahb itakusaidia. Mkibaki mnatofautiana, swalisha vivyo hivyo, naye aswali nyuma yako. Swala yake ni sahihi.

Wallahu aalam.