Kabla Hujakubali Uhamisho wa Dar es Salaam

Barua ya uhamisho kwenda Dar es Salaam hupokelewa na wengi kama barua ya kupandishwa cheo, hata pale ambapo cheo chenyewe hakijaguswa. Nilipoletewa ya kwangu, nikiwa mhasibu katika tawi la kampuni moja binafsi mjini Iringa, pongezi zilianza kumiminika kabla sijamaliza kuisoma, na hakuna aliyeuliza nyongeza ilikuwa kiasi gani. Niliomba nipewe muda, nikakaa na kalamu.

Anza na kile kinachofika mkononi. Tuseme mtu analipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, naye ameahidiwa nyongeza ya 300,000 katika mshahara wa msingi. NSSF inachukua asilimia 10 ya nyongeza hiyo, yaani 30,000. Zinazobaki zote zinaangukia katika daraja la juu la PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, lile la asilimia 30 kwa kipato cha mwezi kinachozidi 1,000,000, hivyo zinakatwa 81,000 nyingine. Kama bado anarejesha mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo nayo inakata asilimia 15, ambayo ni 45,000. Laki tatu ya kwenye barua inafika nyumbani ikiwa 144,000.

Sasa ipeleke hiyo 144,000 kwa mwenye nyumba. Wengi Dar hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, mbali na hela anayotoza kila anapokupeleka kuangalia nyumba. Kwa nyumba ya 350,000 kwa mwezi unahitaji 2,450,000 kabla hujashusha godoro, na fedha hizo ni nyongeza yako ya miezi 17. Nilikwenda kuziona nyumba mwenyewe, na ninashauri kila mtu afanye hivyo siku ya kazi, si Jumapili. Uliza kama LUKU, yaani mita ya umeme, inajitegemea au mnachangia, na uliza majirani, si dalali, maji ya bomba hutoka siku zipi. Niliambiwa nyumba moja iko dakika tano kutoka barabarani; dakika tano za dalali, kumbe, ni za bodaboda.

Kodi hupungua kadiri unavyosogea Chanika, Kibamba au Bunju, lakini tofauti hiyo unailipa kwa saa za barabarani. Mwendokasi umewasaidia wakazi wa Kimara tangu 2016, ingawa asubuhi kuingia ndani ya basi ni kazi nyingine. Mzazi anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku huwakuta watoto wamelala, awaache wamelala. Kwa hiyo ujue kwanza ofisi iko wapi, ndipo utafute nyumba. Wapo wanaowaza kuishi Morogoro na kupanda treni ya SGR kila siku, kwa kuwa safari si ndefu. Nauli ya kawaida ya 13,000, kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi, ni 572,000.

Mikoani nako si rahisi kwa kila kitu. Iringa viazi, maharage na mboga ni vya kununua bila kusitasita, lakini bidhaa nyingi za viwandani zinafika zikiwa na nauli ya lori juu yake, na rufaa ya Hospitali ya Muhimbili, Dar, ni safari ya kukodi mahali pa kulala. Dodoma usiihesabu tena kama mji mdogo, maana tangu Serikali ianze kuhamia huko kodi za nyumba zimepanda.

Kwa maoni yangu, jambo linaloweza kuzishinda hesabu hizi ni kazi yenyewe. Makampuni mengi yana makao makuu Dar, na kama kiti kipya kitakufundisha kazi ambayo tawi haliwezi kukupa, nenda, hata ukiumia mwaka wa kwanza. Kama ni daftari lile lile katika jengo refu zaidi, sioni sababu.

Isome barua kwa makini: je, ni uhamisho au ni mkataba mpya? Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ajira ikikoma mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anapaswa kukurudisha pamoja na mizigo yako au kulipia safari hiyo. Mkataba mpya unaoandika kwamba umeajiriwa Dar unaweza kukuondolea haki hiyo, na unaweza pia kuifuta miaka ya utumishi ambayo kiinua mgongo hukokotolewa kwayo.

Mimi nilijibu kwa maandishi nikiomba mambo mawili: miaka yangu ya utumishi itambuliwe, na kampuni inikopeshe kodi ya miezi sita bila riba. La kwanza lilikubaliwa, la pili likakataliwa, nami nikabaki Iringa, ambako mume wangu anafundisha shule ya serikali na uhamisho wake ungehitaji kibali cha peke yake. Aliyekwenda badala yangu hana mtoto wala deni la chuo, na ana dada mwenye nyumba Sinza.