Jibu: Saa za kuruka bila kufilisika

Ndugu, umeuliza kama ulipe ada yote ya urubani kwa mkupuo au usome kidogo kidogo huku ukifanya kazi. Soma kwa hatua, ila usianze hatua yoyote kabla hujawa na fedha za kuimaliza. Anayeruka mara moja kwa mwezi husahau, kila somo linarudiwa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ruka angalau mara 2 au 3 kwa wiki.

Kwanza kabisa, kapime afya ya daraja la 1, kipimo kinachotakiwa kwa rubani wa biashara. Ukikwama hapo, umeokoa fedha zako zote.

Kwa viwango vya ICAO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga), leseni binafsi ni saa 40 za kuruka, ya biashara 200 (au 150 kwa kozi kamili iliyoidhinishwa), na ile ya juu kabisa 1,500. Pengo hilo la mwisho, la kutoka leseni ya biashara hadi saa 1,500, usilinunue, tafadhali! Somea ukufunzi: utalipwa, na saa zitaingia kwenye kitabu chako cha kumbukumbu za kuruka. Simuleta, mashine ya kuigiza kuruka, nayo itakusaidia kuzoea kwa bei nafuu taratibu za kuruka kwa kusoma vipimo vya ndani ya ndege badala ya kuangalia nje.

Na chuo kikikulazimisha kulipa yote mbele, tafuta kingine. Vipo vilivyofungwa na ada za wanafunzi zikapotea.