Muulize Fundi: Simu inashika, laptopu haishiki

*Mwanangu fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni, Tanga. Hivi karibuni niliipeleka laptopu yangu ikabadilishwe kibodi, maana herufi A na E zilikuwa hazibonyeki. Imerudi inaandika vizuri, ila waifai imekuwa ya kubembeleza. Nikikaa sebuleni karibu na ruta inakubali. Nikiingia chumbani, ukuta mmoja tu, inakatika. Kampuni ya intaneti wanasema laini ni nzima. Mjukuu wangu anataka ninunue ruta kubwa zaidi. Ninunue?*

Shikamoo, mwalimu. Usinunue kitu. Hiyo fedha ya ruta iache hapohapo ilipo, na mjukuu mwambie fundi amekataa.

Umenitajia jambo ambalo wateja wengi huniletea mwishoni kabisa, baada ya nusu saa ya maswali, kwa sababu wanaona halihusiki: laptopu ilifunguliwa kabla ya tatizo kuanza. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia.

Ndani ya laptopu kuna kadi ya waifai, kijikadi chenye ukubwa wa stempu. Antena zake hazipo kwenye kadi. Kwenye laptopu nyingi zimefichwa pembezoni mwa kioo, na kutoka huko zinashuka nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na nyingine nyeupe au ya kijivu, zinapita kwenye bawaba hadi kwenye kadi. Pale zinabanwa kwa vishikizo vidogo mno, kila kimoja na mahali pake. Sasa kibodi za laptopu nyingi za siku hizi hazing'oki kwa juu. Fundi analazimika kufungua mfuniko wa chini, kutoa betri, pengine na ubao mkuu wote, na njiani nyaya zile lazima azichomoe. Kuzirudisha kunataka macho na subira. Jioni, umeme wa mashaka, mteja amesimama mlangoni anauliza bado kidogo? Waya mmoja unabaki unaning'inia, au unakaa juu juu bila kubanwa. Kompyuta inafungwa, inawashwa mezani karibu na ruta ya dukani, waifai inashika, kila mtu anafurahi.

Ndivyo ilivyo: kadi isiyo na antena bado huisikia ruta iliyo hatua mbili. Ukuta ukiingia kati, basi. Na ruta kubwa haitakuokoa, mwalimu, kwa sababu mazungumzo ni ya pande mbili. Hata ruta ikipaza sauti, laptopu nayo lazima isikike inapojibu.

Kabla hujamrudia fundi, pata ushahidi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika hivi: netsh wlan show interfaces. Tafuta mstari wa "Signal", una asilimia mbele yake. (Kwenye Windows 11 za karibuni inaweza kukudai kwanza uruhusu kutambua mahali ulipo, ruhusu, utaizima baadaye.) Soma namba hiyo ukiwa sebuleni, kisha uisome tena ukiwa chumbani, simu yako ikiwa kando ya laptopu. Kama simu ina vijiti vyote hapo chumbani na laptopu inasoma 20 au 30, ruta haina kesi.

Mrudie fundi yuleyule na umwambie maneno haya: "Naomba ukague nyaya za antena kwenye kadi ya waifai." Ukishalitamka hilo atajua unajua. Ni kazi ya dakika chache na, kwa maoni yangu, hupaswi kulipa hata senti. Usiondoke na laptopu kabla ya kuijaribu mbali na ruta yake, hata ikibidi usimame duka la pili.

Ikitokea waya umekatika kabisa kwenye bawaba, usikubali haraka kufumuliwa kioo. Kuna vidude vya waifai vya kuchomeka kwenye USB, bei yake ni nafuu na vinafanya kazi vizuri. Ila usikichomeke bega kwa bega na diski ya nje ya USB 3. Matundu na vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz, na utarudi kuniandikia.

*Shikamoo fundi. Mimi nasoma chuo Mwanza. Laptopu yangu inashika waifai ya nyumbani, lakini karibu kila tovuti nikifungua inaniambia si salama, inakataa kuendelea. Simu ya dada inaingia bila shida kwa waifai hiyohiyo. Inatokea zaidi umeme ukikatika na kurudi. Nimeingiwa na virusi?*

Marahaba, mdogo wangu. Angalia saa iliyo pembeni chini ya kioo chako. Nakubashiria inasoma mwaka ambao ulikuwa bado shule ya msingi.

Tovuti siku hizi huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2012 ikipewa cheti cha mwaka huu inakiona hakijaanza kutumika, inakataa. Rekebisha tarehe, saa na eneo la saa (Nairobi ndilo linalotutosha sisi), fungua upya, utaingia.

Ila sababu yenyewe iko kwingine. Umetaja umeme kukatika, kwa hiyo betri yako kubwa imekufa na unaitumia laptopu kwa chaja tu. Kuna betri nyingine ndogo ya kidonge, mara nyingi CR2032, inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Nayo imekwisha. Ibadilishe, ni rahisi kuliko betri kubwa. Virusi waache wapumzike.

*Assalaam alaykum. Niko Unguja, Mji Mkongwe. Kaka yangu kaniletea laptopu kutoka Marekani. Siku nyingine waifai yetu inaonekana, siku nyingine haimo kabisa kwenye orodha, ya jirani ndiyo naiona. Simu zote za nyumbani zinaiona siku zote. Nimebonyeza kitundu cha riseti cha ruta, sasa hata simu hazina intaneti.*

Waalaykumu salaam. Tuanze na hicho kitundu. Riseti haizimi na kuwasha ruta, inafuta kila kitu, pamoja na jina na neno la siri ambalo kampuni iliweka ili ruta iingie kwenye laini yao. Itabidi uwapigie wakuwekee tena. Wasomaji wengine, ruta ikizingua chomoeni waya wa umeme, subirini nusu dakika, rudisheni. Kitundu kiacheni.

Sasa laptopu. Waifai ya 2.4 GHz imegawanywa katika chaneli. Marekani kwa kawaida hutumia 1 hadi 11, na laptopu nyingi za huko hazisikilizi zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya dunia inaruhusu hadi 13. Ruta yako ikiachwa ijichagulie, siku ikiamka kwenye 12 au 13, laptopu ya kaka haiioni kabisa. Ikiamka kwenye 6, inaiona. Huo ndio mchezo wake.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake imebandikwa chini ya ruta yenyewe, mara nyingi ni 192.168.1.1. Kwenye mipangilio ya waifai toa chaneli kwenye "Auto", weka 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Na kwa kuwa uko Mji Mkongwe: kuta za mawe na chokaa za nyumba zenu ni nene mno kwa waifai, na 5 GHz ndiyo hushindwa mapema zaidi. Ruta isikae chumba cha pembeni. Iweke kwenye uwazi wa ngazi au mlangoni mwa ukumbi, juu, mbali na friji na maikrowevu.

*Fundi, je, ni kweli karatasi ya foili nyuma ya ruta huongeza nguvu? (Msomaji, Morogoro)*

Inasukuma mawimbi upande mmoja na kuyanyima upande wa pili. Kama upande wa pili anakaa jirani anayetumia neno lako la siri, badilisha neno la siri.